Wema Hauozi, Samaki Huoza

Hebu tuanze na swali lenyewe. Ukimfanyia jirani wema kila siku kwa miaka miwili, kisha siku moja ukaacha, je, umemdhulumu? Hukumwahidi kitu. Hakukulipa hata shilingi. Lakini kwa miaka hiyo miwili amepanga biashara yake, usingizi wake na pengine afya yake akijua wema huo upo. Sasa unasema basi. Una haki?

Mimi swali hili limenijia kwa njia ya friji.

Naishi Katito, pale barabara ya Kisumu kwenda Kisii inapoachana na ile ya Kendu Bay na Homa Bay. Chumba changu ni kimoja, futi kumi kwa kumi na mbili, na jiko ni kona iliyokingwa kwa pazia. Kwenye kona hiyo imesimama friji ya lita 300, ndefu kunishinda, niliyoachiwa na shangazi alipohamia Nakuru. Kuiingiza ilibidi fundi ang'oe mlango wa chumba. Ukifungua mlango wa friji, unagonga kitanda. Meza ya kuandikia sina, kwa sababu mahali pake pamekaliwa. Makala zote ambazo nimewahi kulipwa nimeziandikia kitandani, laptopu magotini, mgongo ukilalamika.

Sasa kompresa imechoka. Fundi wa jua kali aliyeisikiliza, maana hata hakuhitaji kuifungua, aliniambia kuifufua kutanigharimu karibu sawa na kununua friji ndogo ya mtumba, lita 90 hivi, ile inayoingia chini ya kaunta. Kwa mtu mmoja anayepika ugali na sukuma, jibu liko wazi. Nunua ndogo, weka meza juu yake, kaa uandike kama watu.

Shida ni kwamba friji hii haijawahi kuwa ya mtu mmoja.

Ploti yetu ina vyumba vinane na friji moja. Rafu mbili za chini ni za mama wa chumba cha tatu, anayeuza samaki kando ya barabara. Mbuta na ngege ambao hawakupata mnunuzi jioni wanalala kwangu, asubuhi wanarudi mezani. Friza ni ya kijana wa chumba cha sita, anayegandisha juisi kwenye vipakiti na kuwauzia wanafunzi wakitoka shule. Mlangoni, pale pa mayai, kuna kikopo kidogo cha plastiki chenye chupa za insulini za mzee wa chumba cha mwisho. Vyangu ni paketi ya maziwa na nyanya nne. Tokeni nanunua mimi. Sijawahi kumtoza mtu, na sikuwahi kukaa chini kuamua kwamba sitatoza. Mtu mmoja aliomba, nikasema weka tu. Wa pili akaona wa kwanza. Miaka miwili ikapita.

Kabla ya kwenda mbali, kuna fizikia kidogo hapa, na inahusika. Friji haitengenezi baridi. Inachukua joto lililo ndani na kulisukuma nje kupitia yale mabomba membamba ya nyuma. Joto la samaki wa jirani linaingia chumbani kwangu, likifuatwa na joto la stima inayotumika kulihamisha. Friji kuukuu ya ukubwa huu inaweza kula uniti moja hadi mbili kwa siku, na zote mwisho wake ni joto ndani ya futi zangu kumi kwa kumi na mbili. Nikisema kwamba samaki wanalala kwenye baridi ili mimi nitoke jasho, situmii fumbo. Ndivyo mashine yenyewe inavyofanya kazi.

Watu wanaoishi kwenye yoti wanalijua hili kutuliko. Jiko la yoti ni finyu kama langu au zaidi, na kuna wanaonunua yoti kuukuu wakakuta mwenye kwanza amebana humo friji nzima ya nyumbani. Wakitaka kuibadilisha, cha kwanza wanapima mlango: kitu hiki kitatokaje, na kingine kitaingiaje? Cha pili ni stima. Majini wanategemea betri, kwa hivyo betri ndiyo inayoamua ukubwa wa friji. Cha tatu ni namna inavyofunguka. Wengi huchagua sanduku la kufunguliwa juu, kwa sababu hewa baridi ni nzito. Ukifungua mlango wa mbele inakumwagikia miguuni, lakini ukiinua kifuniko inabaki chini ilipokuwa. Boti zinazozunguka visiwa vya ziwa letu kukusanya mbuta zinatumia akili hiyo hiyo: barafu na samaki hukaa tumboni mwa boti, kifuniko juu.

Lakini mtu wa yoti ana sababu ya kuweka akiba ambayo mimi sina. Katikati ya maji hakuna mama mboga. Ukubwa wa friji yake unapima umbali kati yake na watu. Mimi soko la Katito liko hatua mia mbili kutoka mlangoni. Nyanya ya kesho tayari ipo, imetunzwa na mtu anayejua kuitunza kuliko mimi. Kwa hesabu hiyo, anayeishi karibu na watu anahitaji friji ndogo, au hahitaji kabisa. Na bado majirani zangu, wanaoishi karibu na soko hilo hilo, wanahitaji kubwa. Kwani wao wako mbali na nini?

Hapa namkumbuka John Locke, niliyemsoma mwaka wa pili chuoni kabla karo haijanikatia safari. Katika kitabu chake cha pili kuhusu serikali, kilichotoka mwaka 1689, Locke anauliza mtu anaruhusiwa kujichukulia kiasi gani cha vitu ambavyo mwanzoni vilikuwa vya wote. Jibu lake linaeleweka hata na mtoto: chukua kiasi unachoweza kutumia kabla hakijaharibika. Matunda yakikuozea mikononi, umechukua fungu la mwenzako. Kisha anaeleza jinsi pesa ilivyoifungua kamba hiyo. Dhahabu na fedha haziozi, kwa hivyo mtu anaweza kulimbikiza bila mwisho na asiambiwe ameharibu kitu.

Locke hakuiona friji. Angeiona, nadhani angeongeza sura. Kwa maana friji inaifanya nyama iwe na tabia kidogo ya pesa. Kilichopaswa kuliwa leo kinaweza kungoja bei ya kesho.

Na sisi wa huku ziwani tumeona hilo likitokea kwa kiwango kikubwa. Mbuta aliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala. Samaki mkubwa namna ile, katika joto la Nyanza, hana muda mrefu. Kabla barafu haijawa kitu cha kawaida ufuoni, ambacho hakikuuzwa kilikaushwa, kilibanikwa, au kililiwa na waliokuwa karibu. Kisha vikaja viwanda vya minofu, malori ya baridi na ndege. Minofu ikaanza kusafiri hadi Ulaya, na kwetu ikabaki mifupa na kichwa. Tukaipa jina, mgongo wazi, na akina mama wakaikaanga na kuiuza, na watu wakanunua. Sisemi baridi ndiyo iliyowaibia. Wavuvi walipata soko, na familia nyingi zilisoma kwa pesa hiyo. Ila bila baridi, mnofu usingefika Ulaya ukiwa mzima, na mtu wa ufuoni angekuwa na nguvu moja ambayo sasa hana: nguvu ya kuwa karibu samaki anapokaribia kuoza.

Nimeiita nguvu hiyo wakili wa jirani. Kuoza kulikuwa kunamsemea mtu asiye na pesa. Jioni ikifika, kulikuwa kunamwambia mwenye samaki: punguza bei, au gawa, au utupe. Friji inamnyamazisha wakili huyo.

Nilikuwa naridhika sana na wazo hili hadi lilipoingia kwenye ploti yetu.

Kompresa ilipogoma mara ya kwanza, ilikaa siku tano bila kufanya kazi. Siku hizo zote, saa moja jioni, mama wa samaki alikuwa anarudi na beseni lake na kusimama getini. Ngege wa shilingi mia mbili alikuwa anaenda kwa themanini. Vyumba ambavyo kwa kawaida hupika omena au sukuma vikakaanga ngege. Watoto wa chumba cha nne walikuwa wanalamba vidole wakipita koridoni. Ploti nzima ilinukia samaki, na mimi nikajiambia: umeona? Wema wangu kwa mama mmoja ulikuwa unawanyima watoto watatu. Locke alikuwa amepita getini kwetu.

Lakini siku ya sita mama hakwenda ufuoni. Hakuwa na mtaji. Siku tano za kuuza kwa hasara zilikuwa zimeula wote, na siku hiyo watoto wa chumba cha nne hawakula samaki wa bei yoyote.

Kwa hivyo nikibaki na friji kubwa, nawanyima wengine ile bei ya jioni. Nikichukua ndogo, namvunja mtu ambaye bila yeye hakuna bei ya asubuhi wala ya jioni. Hakuna upande ambao mimi natoka nikiwa mtu mwema mwenye mikono mikavu.

Turudi kwenye swali: je, wema uliozoeleka hugeuka haki?

Watu wengi husema hapana haraka sana. Chombo ni chako, stima ni yako, ulitoa ulipotaka, acha unapotaka. Wengine wanasema ndiyo haraka vilevile, na wana Biblia mkononi. Katika Luka 12 kuna tajiri anayepanga kubomoa maghala yake ili ajenge makubwa zaidi, na usiku huo huo anaambiwa roho yake inatakiwa. Basili, askofu wa Kaisaria katika karne ya nne, alihubiri juu ya tajiri huyo na kufika mbali: kilichozidi kabatini kwako, alifundisha, ni mali ya mwenye njaa, na kukizuia ni aina ya wizi. Nakubali ukali wake. Lakini Basili alikuwa akisema na mwenye ghala lililojaa chakula chake mwenyewe. Ghala langu limejaa chakula cha wengine, na kilicho changu humo ni nafasi tu. Je, nafasi nayo ina wenyewe?

Kuna mfano ulionisaidia zaidi, na unatoka kwenye mashamba. Kila mtu aliyekulia kijijini anajua kijia kinachokatiza shamba la mtu kwenda mtoni. Mwenye shamba hakukichora, kilijichora kwa miguu. Sheria ya Kenya inatambua kwamba njia iliyotumiwa wazi na kwa amani, bila kukatizwa, kwa miaka 20, inaweza kuwa haki ya kupita. Lakini kuna sharti ambalo ndilo kiini chake. Lazima uwe umepita kama mtu mwenye haki. Ukiwa ulipita kwa ruhusa, ukibisha hodi na kujibiwa pita tu, hata miaka 50 haizai haki, kwa kuwa kila hodi ilikuwa inakiri kwamba njia ni ya mwingine.

Nikaangalia mlango wangu. Mama wa samaki hubisha kila jioni. Kijana wa juisi hubisha. Mzee hubisha mara mbili kwa siku, na nikiwa nimelala husubiri. Kwa sheria, basi, simdai mtu na sidaiwi. Lakini hapo ndipo niliacha kufarijika. Kile kile kinachonipa uhuru wa kuacha ndicho kilichowafanya wao waombe, kila siku, kwa miaka miwili. Nilikuwa nahesabu tokeni na jasho langu kama gharama ya wema huo. Hodi zao sikuwa nimezihesabu.

Nimefikia hapa: wema uliozoeleka haugeuki haki ya kuendelea milele, ila unazaa deni la muda. Mtu aliyejenga juu ya kitu chako hawezi kukudai kitu hicho, lakini anaweza kukudai nafasi ya kujenga kwingine. Ndiyo sababu mwenye nyumba analazimika kukupa notisi hata kama nyumba ni yake. Kuacha ghafla ndiko kunakodhulumu. Kuacha kwa kuambiana, mapema, kwa sauti ambayo mwenzako anaweza kuijibu, ni jambo jingine kabisa.

Kwa hivyo tulikaa koridoni Jumapili moja jioni, nikawaeleza. Kompresa hivi, pesa hivi, friji ndogo hivi, na mwezi mmoja wa kujipanga.

Kijana hakusumbuka. Alisema duka la pale stejini lina friza ya kukodisha nafasi, atalipa, faida itapungua kidogo, "lakini hata wewe ulale, boss, hiyo mashine inakupigia kelele." Mama wa samaki alinyamaza muda, kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia.

"Nyathina, friji yako ilinisaidia, Mungu akubariki. Lakini kila jioni nabisha mlango wa mtoto aliye na umri wa kifungua mimba wangu, na beseni kichwani. Siku ukiwa na mgeni, narudi nyuma. Siku uko na hasira, naona. Nataka yangu."

Chama chao kinaweza kumkopesha, alisema, akichukua friza ya sanduku, ile ya kufunguliwa juu, na keyatekaa akikubali aiweke barazani kwenye mita yake mwenyewe. Alikuwa amefikiria hilo kwa miezi kadhaa. Friji yangu, kwa kuwepo tu, ilikuwa inamwahirisha.

Mimi bado nilikuwa na Locke kichwani. Nikamuuliza: ukipata friza, si zile samaki za bei ya jioni zitaisha? Si watoto wa chumba cha nne walikula vizuri wiki ile?

Alicheka hadi akashika ukuta. "Kwa hivyo wewe unataka mimi nioze ndio watoto wale?"

Sikuwa na jibu, na sidhani Locke angekuwa nalo. Lile wazo langu la wakili lilikuwa na kasoro moja kubwa: ada ya wakili huyo ilikuwa inalipwa na mwanamke mwenye beseni moja. Ukiwa tajiri wa maghala, kuoza kunakufundisha kugawa. Ukiwa na mtaji wa siku moja, kuoza kunakufunga tu. Huwezi kuuita ukarimu kile mtu anachotoa kwa sababu jua limezama na hana pa kukiweka. Akiwa na friza yake, alisema, siku akitaka kumpa mama wa chumba cha nne ngege, atampa, na itajulikana ni yeye ametoa. Wahenga walisema wema hauozi. Labda hiyo ndiyo tofauti kati ya wema na samaki: wa kweli hausukumwi na saa.

Je, atatoa? Hilo siwezi kulijua, wala si langu kulipanga. Kuna uwezekano kwamba watoto wale watakula ngege mara chache zaidi kuanzia mwezi ujao, na sitajidanganya kwamba kila mtu ameshinda. Lakini sasa swali hilo liko kati ya akina mama wawili wanaofahamiana, wala haliko tena mikononi mwa mtu anayeandika makala kitandani.

Namwacha mzee mwisho, kwa sababu kwake hoja zangu zote za muda hazitoshi. Chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Najua kuna utafiti uliotoka mwaka 2021, wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliopima hali ya joto katika nyumba za kambi ya Dadaab na kuonyesha kwamba insulini ilivumilia wiki nne kati ya nyuzi 25 na 37 bila kupoteza nguvu yake. Ni habari njema kwa watu wasio na friji. Lakini mzee ana chupa za zaidi ya mwezi, kliniki imemwambia friji, na mimi si wa kubishana na kliniki kwa niaba ya mguu wa mtu mwingine. Kumwambia ajipange kwingine ndani ya mwezi ni kumpa notisi ya kitu ambacho hakina kwingine karibu.

Ukipima kwa lita, yeye ndiye mwenye dai dogo kuliko wote. Kikopo chake kingeingia kwenye mfuko wa koti. Ukipima kwa kitakachotokea kikikosekana, yeye ndiye mwenye dai kubwa. Friji ya lita 300 ilikuwa imenificha jambo hili, kwa sababu kila kitu kiliingia na hakuna aliyelazimika kuuliza nani kwanza. Lita 90 zinauliza.

Kwa hivyo friji ndogo itakuja, na meza itakaa juu yake. Nikisafiri kwenda Kisumu kufuata malipo, naweza kukaa huko siku tatu, na mzee hawezi kubisha mlango wa mtu asiyekuwepo. Nimemchongea ufunguo. Atakuwa akiingia kama mwenye njia yake.